Nilimnyamazisha Wanjiru Juu ya Paa

Bwana apewe sifa, wapendwa! Naomba leo mniitikie polepole, maana sijapanda hapa kwa furaha.

Wengi mnanijua. Kwa mgeni aliyekuja leo mara ya kwanza, mimi ni Lavenda, mtoto wa yule mama fundi wa Kaloleni anayeshona sare za kwaya yetu. Mwaka jana nilisimama mahali hapa hapa nikatoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoniokoa nikiwa masomoni ng'ambo, karibu na vita. Mlipiga vigelegele. Mlicheza mpaka viti vikasogezwa. Wazee walilia. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo.

Sio wote. Ndani yake kulikuwa na vipande vya kweli, na hivyo vipande ndivyo vilivyoufanya uongo wangu upendeze. Leo nataka niutoe ule wa kweli. Nivumilieni. Nikinyamaza katikati, msinisaidie kwa wimbo. Ningojeni tu.

Nilipopata nafasi ya kusoma uuguzi nchini Yordani, kanisa hili lilifurahi kuliko mimi. Yordani! Mama mmoja wa ushirika wa wanawake alinipa chupa tupu nimletee maji ya mto. Niliombewa hapa mbele mkiwa mmenizunguka. Hakuna aliyeuliza Yordani imepakana na nani, na mimi pia sikuuliza.

Mji wetu ulikuwa kaskazini, karibu na mpaka. Yordani yenyewe haikuwa vitani, na hilo nataka lieleweke vizuri. Watu wake walitupokea kwa heshima. Lakini majirani zake walikuwa wanapigana, na makombora ya huku kwenda kule yalipita juu ya vichwa vyetu. Ni kama majirani wawili wanarushiana mawe na nyumba yako iko katikati.

Chumbani nilipangiwa kukaa na Wanjiru. Wazazi wake baadhi yenu mnawajua, wanauza vitambaa na zipu pale mjini. Ni watu wa Murang'a waliohamia hapa Kisumu kabla sisi hatujazaliwa, na wanaishi Migosi. Wanjiru alikuwa anasomea kutengeneza meno bandia. Ni kazi ya vidole. Unachonga kitu kidogo kama punje ya mahindi mpaka kimkae mtu mdomoni asikisikie. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimi na wewe tumetoka mji mmoja. Huku tutakuwa dada." Na alikuwa dada kweli. Mimi ndiye sikuwa.

Bweni letu lilikuwa ghorofa nne, na mlezi wake alikuwa mama mmoja Mwarabu tuliyemwita Mama Khalil. Wiki ya kwanza alituketisha wasichana wote kwenye ngazi, akatueleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. King'ora kikilia, mtu atoke chumbani, awe mbali na madirisha, aketi kwenye ngazi za katikati ya jumba. Asitoke mpaka king'ora cha pili kilie. Na asipande juu ya paa hata kama anayemwita ni mama yake. Akasema, "Linalopita huko juu haliwahusu. Linaloanguka ndilo linaloua." Maana makombora yakidunguliwa angani, vipande vyake lazima vishuke mahali.

Wanjiru aliandika yote. Alituandikisha sisi wawili kwenye ubalozi. Aliweka kando ya mlango mkoba mdogo wenye pasipoti zetu, maji, dawa, na karatasi ya namba za simu, kwa sababu alisema simu inaweza kuzimika lakini karatasi haizimiki. Kila asubuhi wanafunzi Wakenya walikuwa wanaandikiana neno moja tu kwenye simu: "Mzima." Wanjiru hakuwahi kusahau. Mimi nilikuwa naandikiwa na yeye.

Na nilimcheka, ndugu zangu! Nilimwambia, "Wewe Wanjiru, imani yako iko ndani ya huo mkoba." Akajibu, "Imani yangu iko kwa Mungu. Pasipoti ndiyo iko kwenye mkoba." Nikaona ni mtu wa kimwili.

Sasa niwaambie kilichonipata. Siku ya kwanza nilipoona moto ukipita angani, nilikuwa dirishani, na niliogopa kweli. Nilirekodi kidogo kwa simu nikatuma kwenye kundi la vijana wa kanisa. Mmekumbuka? Kabla sijaketi, simu ilikuwa imejaa. "Lavenda wetu!" "Shujaa wa Bwana!" "Mungu anakutumia, dada!" Mchungaji aliomba kwa jina langu Jumapili hiyo, na klipu ikaonyeshwa hapa ukutani.

Mimi ni mtoto wa chumba kimoja Kaloleni. Darasani sikuwa wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kuita jina langu kwa sauti isipokuwa mama yangu akinituma uzi. Na sasa watu waliokuwa hawanijui walikuwa wanafunga na kuomba kwa ajili yangu. Ndugu zangu, niliipenda hofu yenu. Nasema bila kuficha. Niliipenda.

Nikaanza kuongeza chumvi. Kombora lililopita mbali nilisema limepita karibu. Mlio wa lori nilisema ni bomu. Mama yangu alipata presha. Alikuwa anashona huku redio iko sikioni, anasikiliza habari za nchi ambazo hata majina yake hawezi kuyatamka. Wanjiru alinionya. "Lavenda, unamtesa mama yako bure. Mwambie ukweli, kwamba tukifuata maagizo tuko salama." Nilimjibu kwamba yeye anaona wivu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa nne hivi, jua limeshawaka. Masomo yalikuwa yamesimamishwa, na chuo kilikuwa kimetutumia ujumbe kila mtu abaki ndani. King'ora kililia. Wasichana wakatoka vyumbani na mablanketi, wakaketi kwenye ngazi kama tulivyofundishwa. Wanjiru akachukua mkoba, akanishika mkono. Nikamwambia, "Natangulia chooni, nakuja."

Sikwenda chooni. Nilipanda paa.

Kule mapaa ni bapa, ya saruji, mtu anatembea juu yake kama sakafuni, na kila paa lina matangi ya maji ya bati. Nilisimama kati ya matangi mawili nikawasha simu. Anga lilikuwa buluu na lina michirizi myeupe, na kwa mbali kulikuwa na milio kama mtu anapiga pipa. Nikaanza kuongea kwenye simu, nusu Kiswahili, nusu Dholuo. "Nyasaye ber! Mungu ni mwema, wapendwa! Mnaona mimi nimesimama? Wengine wamejificha chini lakini mimi nimesimama!" Ninaona aibu hata kuyarudia maneno haya. Nilikuwa nimepanga hata mahali pa kutoa machozi.

Wanjiru alipohesabu watu kwenye ngazi akanikosa. Akapanda. Alifika juu anahema, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Akaita, "Lavenda! Shuka! Shuka sasa hivi!"

Na mimi, ndugu zangu, nilifanya nini? Sikushuka. Niligeuka nikamtazama, nikaweka kidole mdomoni hivi. Nyamaza. Sauti yako inaingia kwenye video.

Akaja mpaka nilipo. Akanishika mkono. Nikajinasua. Akanishika tena, akasema, "Wazimu wako uache leo, nitamwambia nini mama yako?" Hapo ndipo tuliposikia kitu kama mabati ya nyumba nzima yanapasuliwa. Sikuona chochote. Nilichohisi ni mikono yake miwili kifuani mwangu, akanisukuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo, nikaanguka nyuma ya ukuta wa mlango wa ngazi. Tangi likapasuka. Maji yakatufunika sote. Kipande cha chuma kilikuwa kimeangukia tangi, na bati la tangi likaruka kama kisu na kumpiga Wanjiru kwenye mkono wa kulia, kuanzia chini ya kiwiko mpaka kifundo.

Alikuwa ameketi kwenye maji, ameushika mkono wake, haongei. Maji yalikuwa mekundu.

Mwaka jana niliwaambia kwamba nilimkimbilia, nikamkumbatia, nikakemea mauti. Sivyo. Kabla ya kumwendea Wanjiru, nilitafuta simu. Nilitambaa kwenye maji yale nikaitafuta simu, nikaipata chini ya tangi la pili, nikaifuta kwenye nguo, nikaangalia kama bado inarekodi. Mimi mwanafunzi wa uuguzi! Niliyekuwa nimefundishwa kuzuia damu! Aliyezuia damu ni Mama Khalil. Alipanda mbio, mwanamke wa umri ule, akavua mtandio wake kichwani mbele za watu, akaufunga mkono wa Wanjiru akaukaza kwa meno.

Hospitali walimpasua mara mbili. Mkono ulibaki, lakini mishipa ya vidole vitatu ilikuwa imekatika. Vidole vile havikunjiki tena. Hawezi kushika kalamu. Hawezi kushika kifaa cha kuchongea jino.

Afisa wa chuo alikuja na karatasi ya kuandika kilichotokea. Akaniuliza kwa nini tulikuwa juu ya paa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mama Khalil alikuwa amesimama hapo hapo. Nikasema tulipanda kuanua nguo, king'ora kikatukuta huko. Mama Khalil alinitazama kwa muda mrefu. Alijua kwamba siku hiyo hakukuwa na nguo kwenye kamba. Akatoka nje.

Wanjiru alipozinduka vizuri nilimwinamia nikamwambia, "Nimesema tulienda kuanua nguo. Tafadhali." Alinitazama, halafu akageuzia uso ukutani. Nikachukua ule ukimya kama ruhusa. Ubalozi ukasaidia kumrudisha nyumbani. Mimi nilibaki mpaka muhula ukaisha, kisha mama yangu akanisihi nirudi, nikarudi.

Yaliyofuata mliyaona wenyewe. Nilipanda hapa. Video nilikuwa nimeikata, nikaondoa sehemu yote yenye sauti ya Wanjiru, nikabakiza mimi na anga na ule mlio. Nikawaambia Mungu alinifunika. Mtu mmoja kule nyuma akauliza, na yule mwenzako aliyeumia je? Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Nikajibu papo hapo, nikasema, "Tulikuwa mahali pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimejifunika kwa maombi. Mwenzangu alikuwa na hofu nyingi, na hofu hufungua mlango."

Mkasema amina. Siwalaumu. Niliwalisha sumu kwa kijiko cha asali.

Nikaanza kualikwa huku na huku. Nilifika hata Milimani, kwenye ushirika wa nyumbani, kwenye ua mkubwa wenye nyasi zilizokatwa vizuri, nikakaribishwa chai kwa vikombe vyenye sahani zake. Kulikuwa na binti mmoja hapo, Mercy, aliyekuwa anajiandaa kwenda kusoma nchi jirani na ile niliyokuwako. Akaniuliza mbele ya wote, "Dada Lavenda, kwa hivyo king'ora kikilia, nijifiche au nisijifiche?" Nilimjibu, "Maficho yako ni Mungu. Ukikimbia, umemwambia shetani kwamba anakuweza." Watu wakapiga makofi. Mama yake Mercy hakupiga. Aliniangalia tu akashusha kikombe chake.

Nilienda nyumbani nikalala vizuri, ndugu zangu. Hilo linanitisha kuliko yote.

Kisha siku moja adhuhuri Mama Shiru, yaani mama yake Wanjiru, maana nyumbani Wanjiru huitwa Shiru, akaja kwetu Kaloleni. Mama yangu alikuwa kwenye cherehani, mimi nafua. Alikuja na mfuko wa viazi, maana wao hawaingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Nikajua amekuja kunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Akaketi, akakataa chai, akasema, "Lavenda, mami, sikuja kwa ubaya. Nimekuja kukuomba kitu. Shiru haombi tena. Anakaa tu. Nimemwambia aombe, anasema Mungu alishamkataa. Watu waliniletea maneno yako uliyosema kanisani, kwamba alikuwa na hofu, nami nikamwambia, nikidhani yatamsaidia kujirekebisha. Wewe ndiye ulikuwa naye. Hebu niambie, mtoto wangu alikosea wapi? Nikijua, nitamwombea hapo hapo alipokosea."

Halafu yule mama akapiga magoti. Kwenye sakafu yetu, mbele ya ndoo yangu ya nguo, akanishika mikono yenye sabuni akasema, "Mwombee mwenzako. Wewe Mungu anakusikia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimezoea kuomba kwa maneno mazuri, mnanijua. Hakuna neno lililotoka. Mwisho nilisema, "Mungu anajua, mama." Hayo tu. Akanishukuru! Akainuka, akapangusa magoti, akatuaga.

Alipoondoka nilienda nyuma ya nyumba nikamwaga maji ya ndoo pamoja na nguo. Niliporudi, mama yangu alikuwa amesimamisha cherehani. Akauliza, "Nyathina, mwanangu, una nini?" Nikamwambia yote. Paa, kidole, simu, nguo za kwenye kamba. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuthubutu kuingia.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nilikuwa nafunga. Siku ngapi sikula, Lavenda. Kumbe nilikuwa naulinda uongo." Kisha akasema, "Nenda Migosi. Leo, kabla roho yako haijapata maneno mengine. Na mimi siendi na wewe. Ulipanda huko juu peke yako."

Nilienda kwa miguu. Nilimkuta Wanjiru sebuleni na daftari la mtoto wa chekechea, lile la mistari mipana, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameandika "a" ukurasa mzima. Akaniangalia, akaendelea kuandika.

Nikasema, "Wanjiru, nimekuja kusema ukweli."

Akasema, "Kwa nani? Mimi nilikuwepo."

Nikatoa simu. Ile video nzima, isiyokatwa, nilikuwa sijaifuta. Sijui ni kwa nini, labda Mungu alinifunga mkono. Nikamwuliza kama anataka kuiona. Akasogea. Tukaitazama pamoja, bega kwa bega. Akajiona anatokea mlangoni na kandambili moja. Akanisikia nikijisifu. Akaniona nikigeuka na kuweka kidole mdomoni. Ilipofika pale anaponishika mara ya pili, akafunika uso kwa daftari, akalia. Alilia kwa sauti, mpaka mama yake akatoka jikoni akabaki amesimama.

Alipoweza kuongea alisema hivi. "Lavenda, mimi nilidhani nimekumbuka vibaya. Zile dawa za hospitali zilikuwa kali. Mama aliponiletea maneno yako, nikasema labda kweli nilipanda mwenyewe kwa hofu. Labda nilikuvuta ukiwa salama nikatuletea mabaya. Miezi yote hii nimekuwa nikimwomba Mungu msamaha kwa kosa ambalo hata silijui. Mwisho nikachoka, nikaacha."

Ndugu zangu, mkono wake niliuharibu kwa upumbavu. Lakini roho yake niliijeruhi kwa makusudi, kwa mdomo huu, kwenye madhabahu hii. Nilimwangukia miguuni. Nikamwuliza, "Utanisamehe?"

Akasema, "Usiniulize leo. Nikikwambia ndiyo leo, nitakuwa nakudanganya, na uongo umetosha." Kisha akasema, "Ulisema pale mbele, kwa kipaza sauti. Usije ukanisafisha huku sebuleni kwetu. Nisafishe pale pale."

Mama Shiru alikuwa bado amesimama. Alienda akakaa kando ya binti yake, akaushika ule mkono usiokunja vidole, akaubusu. Mimi nikatoka.

Mnauliza, ukombozi uko wapi kwenye ushuhuda huu? Ulinipata njiani, nikitoka Migosi. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Nilikuwa natembea kando ya barabara, wauza miwa wananiita "dada, karibu", na nikagundua ninaomba. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Sikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa nasema tu, "Nimekosa. Ni mimi. Nimekosa. Ni mimi." Ilikuwa mara ya kwanza tangu niende Yordani kumwomba Mungu bila kujisikiliza. Na nikahisi aibu, ndugu zangu, aibu kamili, ile ya kuwaka masikio. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijaihisi! Nilikuwa nimekufa ganzi kama vile vidole. Mungu alinirudishia aibu, na mimi nahesabu hiyo ndiyo siku niliyoponywa.

Nilienda kwa Mchungaji siku iliyofuata nikamweleza. Nilitegemea aseme tumalize kimya kimya. Akasema, "Jumapili utapanda. Na mimi nitapanda baada yako, maana ile video niliionyesha mimi, na lile neno lako juu ya msichana yule nililisikia nikaitikia amina." Mungu ambariki.

Nikampigia Mercy kabla hajasafiri. Nilimwambia kila kitu. Akasema, "Kwa hivyo ulikunywa chai yetu ukinifundisha nife?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama yangu alijua." Kisha akaniomba nimpe namba ya Wanjiru, amwulize jinsi ya kupanga ule mkoba. Nikaomba ruhusa ya Wanjiru kwanza, akakubali. Nasikia wameshaongea zaidi ya mara moja. Kwenye mazungumzo hayo mimi simo, na ni sawa.

Basi nyinyi wenye watoto wanaokwenda kusoma nchi za mbali, nisikilizeni, maana haya nimeyajua kwa gharama ya mwili wa mtu mwingine. Ulizeni nchi hiyo imepakana na nani. Mtoto akifika ajiandikishe ubalozini wiki hiyo hiyo, asingoje taabu. Akiambiwa akae ndani, akae ndani. King'ora si jaribu la imani. Yule mama Mwislamu aliyetufundisha kukaa kwenye ngazi alikuwa ametumwa na Mungu kwetu, na mimi nikamdharau. Na nyinyi wa nyumbani, msimwombe mtoto video. Msimwite shujaa. Mwulizeni kama amekula, kama amelala, kama yuko na wenzake. Mkimsifu kwa hatari, ataitafuta hatari ili mmsifu tena.

Mungu aliniokoa, naam! Sitaki mtu aondoke hapa akisema Lavenda amekana wokovu wake. Nilipaswa kufa juu ya lile paa. Aliniokoa kwa mikono miwili ya Wanjiru, binti wa Migosi, aliyepanda ngazi zote zile akijua hatari iliyoko juu. Yeye ndiye aliyekuwa na imani siku ile. Mimi nilikuwa na simu. Jina lake lisafishwe leo, mbele ya watu wote waliosikia likichafuliwa. Nasema asante kwa Mungu, na nasema asante kwa Wanjiru, ambaye hajanisamehe bado.

Na wewe uliyeketi hapo na ushuhuda wako uliopambwa, unaosifiwa nao, unaokula nao chai za watu, nakusihi. Kuna mtu mahali fulani anayeulipia. Mwendee. Bwana hatakucheka ukija umefunikwa na aibu, hiyo ndiyo nguo niliyoivaa leo na bado amenisimamisha. Mtegemee yeye, usitegemee makofi. Njoo, hata kama miguu inatetemeka.

Mama Shiru yupo leo. Ameketi pale nyuma kwenye benchi la karibu na mlango. Sikujua kama atakuja. Nikishuka hapa sitarudi kiti changu cha mbele, nitaenda kule kwake. Sijui kama atasogea nikae. Asiposogea, nitasimama kando yake mpaka ibada iishe.